Kitenzi 'Extend' cha Kiingereza: Asili, Maana na Mgawanyiko Wake katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Istilahi ngumu si adui mkubwa wa mfasiri. Neno geni la sayansi au la sheria humsimamisha, likamlazimu afungue kamusi, aulize wajuzi, hata aunde neno jipya. Maneno yanayompotosha ni yale ya kila siku, ambayo huyasoma bila kusita kwa kudhani kuwa ameshayajua. Kitenzi 'extend' cha Kiingereza ni kimojawapo. Hutumika kwa mkono, barabara, jangwa, viza, mkopo, rambirambi, ukoo, mzizi wa kitenzi, na hata kwa kazi ya bwana shamba. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili kwa kawaida hukipa orodha ya visawe: nyoosha, tandaza, panua, ongeza, refusha, eneza, fika, toa. Orodha hiyo si ya uongo. Upungufu wake ni kwamba haimwambii msomaji kisawe kipi kitumike wapi, wala kwa nini lugha moja itosheke na kitenzi kimoja pale ambapo nyingine inadai vinane.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kitenzi hicho kina picha moja tu nyuma ya matumizi yake yote: kitu kilichoshikwa upande mmoja, kikavutwa upande wa pili, kikafika mbali zaidi bila kuacha kuwa kile kile. Kiswahili hakina kitenzi kinachobeba picha hiyo nzima. Huigawa kwa kuuliza kilichovutwa ni kitu gani, na kimekuwaje baada ya kuvutwa. Suala hili si la watunga kamusi peke yao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Kwa sababu hiyo sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zinahitaji sura ya Kiswahili, na ndani yake kitenzi hiki kimetapakaa. Tofauti kati ya kuongeza na kurefusha, ambayo katika mazungumzo ya kawaida haimdhuru mtu, mbele ya hakimu yaweza kumfanya mtu alipe deni ambalo si lake.

2.0 Asili ya kitenzi

Kitenzi 'extend' kimetokana na Kilatini 'extendere', neno lenye sehemu mbili: 'ex', yaani nje au kutoka, na 'tendere', yaani kuvuta hadi kitu kikaze. Wanaisimu historia hulihusisha neno 'tendere' na mzizi wa lugha-mama ya Kihindi-Kiulaya unaoandikwa *ten-, wenye maana ya kuvuta au kunyoosha. Mzizi huo una ukoo mkubwa. Katika Kigiriki umezaa 'tonos', mkazo wa uzi wa chombo cha muziki, na 'tetanos', kukakamaa kwa misuli. Katika Kiingereza, ukiacha maneno yaliyopitia Kilatini, umezaa 'thin', yaani -embamba, kwa kuwa kitu kilichovutwa sana hupungua unene.

Ndani ya Kilatini chenyewe viambishi vya mwanzo vilikipa kitenzi 'tendere' watoto wengi, na Kiingereza kimewarithi karibu wote. Kuvuta fikra kuelekea jambo ni 'intend', kukusudia. Kuvuta nafsi kuelekea kitu ni 'attend', kuzingatia au kuhudhuria. Kuvuta kitu na kukiweka mbele kama pazia ni 'pretend', kujifanya. Kuvutana na mtu ni 'contend', kushindana. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na utaratibu huu, kwa kuwa lugha yake nayo huzalisha vitenzi vingi kutokana na mzizi mmoja. Tofauti ni kwamba Kilatini hufanya kazi hiyo mwanzoni mwa neno, ilhali Kiswahili huifanya mwishoni.

Baadhi ya maneno ya ukoo huu yamekwisha kuingia katika Kiswahili bila kutambuliwa kuwa ni ndugu. 'Toni' na 'tetanasi' ni mifano ya wazi. 'Tenti', neno ambalo wengi hulitumia badala ya hema, lina asili ya kitambaa kilichovutwa kikakaza. La kuvutia zaidi ni 'tenda' ya wakandarasi, yaani zabuni. Neno hilo la Kiingereza lilipitia Kifaransa 'tendre', ambacho pamoja na kuvuta kilikuwa na maana ya kunyoosha mkono wenye kitu ili kukitoa. Mwenye kuomba tenda, kwa asili ya neno, ni mtu aliyenyoosha mkono wake na kuonyesha alichonacho. Kitenzi cha Kibantu 'tenda' hakihusiki hapo hata kidogo. Vivyo hivyo, 'tanda' pamoja na 'tandika', 'tandaza', 'tando' na 'mtandao' havina uhusiano na 'tendere', ingawa sauti na maana zimekaribiana kiasi cha kumshawishi mwanafunzi adai undugu. Mfanano wa namna hiyo ni wa bahati, na isimu linganishi haijengwi juu ya bahati.

Jambo lisilotarajiwa ni namna kitenzi hiki kilivyoingia katika Kiingereza. Hakikuingia kwa maana ya kunyoosha mkono wala kurefusha njia. Katika karne ya 14 kilikuja kutoka Kifaransa cha watawala wa Uingereza kikiwa na maana ya kukadiria thamani ya ardhi. Hati iliyoorodhesha mashamba, wapangaji, kodi na kazi za lazima katika milki ya bwana iliitwa 'extent'. Kwa kuwa ardhi iliyokwisha kukadiriwa yaweza kuchukuliwa ili kulipa deni, maana ilisogea kutoka ukadiriaji hadi unyakuzi. Amri ya mahakama iliyompa mdai haki ya kushika mali ya mdaiwa nayo ikaitwa kwa jina hilo hilo, na Shakespeare aliitumia nomino hiyo kwa maana ya kutwaa nyumba na ardhi katika tamthilia ya As You Like It. Amri za namna hiyo kwa ajili ya madeni ya Serikali zilikomeshwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1947. Maana za kurefusha wakati na kunyoosha kiungo cha mwili zilijitokeza katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne hiyo hiyo ya 14, na ile ya kurefusha mahali ikafuata mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo neno ambalo leo hupamba mialiko na salamu lilianza maisha yake ya Kiingereza mikononi mwa wapima ardhi na wadai, nalo halijapata kuziacha ofisi za sheria tangu siku hizo.

3.0 Kitovu cha maana

Ili kuona kitovu cha maana ya kitenzi hiki yafaa kukitenga na jirani zake. 'Stretch' hudai kani: mpira huvutwa na hukaza, na ukiachiwa hurudi. 'Extend' haidai hivyo. Ngazi ya wazimamoto hurefushwa kwa kutoa sehemu iliyofichwa ndani, wala hakuna kinachokaza. 'Expand', kutoka Kilatini 'pandere', ni kutanuka pande zote kama puto, ilhali 'extend' huwa na upande wa kuelekea. 'Prolong' huhusu wakati peke yake, na mara nyingi hubeba uchungu. Anayerefusha vita kwa miaka hutajwa kwa 'prolong'. Anayevipeleka hadi nchi ya tatu hutajwa kwa 'extend'. Kiswahili hapa hakina shida, kwani wa kwanza anarefusha vita na wa pili anavipanua.

Kinachobaki baada ya kuwatenga majirani hao ni mambo matatu: pana shina lisilosogea, pana ncha inayosogea, na pana mwendelezo baina yao. Barabara iliyorefushwa kutoka mji mmoja hadi mwingine ni barabara ile ile. Likizo iliyorefushwa ni likizo ile ile. Hata katika matumizi ya adabu, kama vile kutoa mwaliko au salamu za rambirambi, picha hiyo haijafutika. Mtoaji amesimama mahali pake, na kitu kimetoka kwake kikamfikia mwingine kama mkono ulionyooshwa.

Matumizi haya ya adabu huzaa tafsiri zenye kuchekesha pale mfasiri anapong'ang'ania neno. Mtu 'haongezi' pole wala 'hapanui' pongezi. Huzitoa, huzipeleka au huzituma. Kiswahili kina mkono wake katika mambo hayo, lakini mkono huo hupewa mtu, haunyooshwi tu: watu hupeana mkono wa heri, na wafiwa hupewa mkono wa tanzia. Kunyoosha mkono pasipo kutoa kitu ni sifa ya birika, na msemo wa 'mkono wa birika' kwa mtu bahili waonyesha kwamba kwa Mswahili mkono uliotoka mbele bado haujathibitisha ukarimu wowote.

Eneo linalohitaji uangalifu zaidi ni matumizi yasiyo na yambwa. Kiingereza husema kwa wakati uliopo wa kawaida kwamba 'the Sahara extends to the Red Sea'. Hakuna kinachotembea katika sentensi hiyo. Ni maelezo ya jinsi jangwa lilivyokaa. Mfasiri anayefuata umbo la wakati huandika kwamba Jangwa la Sahara linaenea hadi Bahari ya Shamu, na msomaji huelewa kwamba jangwa linasonga, labda hatua za dharura zinahitajika. Kiswahili huonyesha hali iliyotulia kwa kiambishi -me-: jangwa limeenea, mawingu yametanda, milima imezunguka bonde. Kiambishi -na- pamoja na kitenzi cha aina hii huashiria mwendo ambao haujakoma. Kwa sababu kuenea kwa jangwa kusini mwa Sahara ni suala halisi la kisayansi, tofauti ya silabi moja hapa hutenganisha somo la jiografia na tahadhari ya mazingira. Vitabu vya shule vinavyotafsiriwa vingefaa kukaguliwa kwa jicho hili.

Pana na kosa dogo la tahajia ambalo hata wanafunzi wa shahada za juu hulifanya wanapoandika Kiingereza. Nomino ni 'extension', kwa 's', ingawa ndugu zake 'intention' na 'attention' huandikwa kwa 't'. Sababu ni ya kihistoria: Kilatini kilikuwa na maumbo mawili ya sifa-tendwa ya 'extendere', 'extentus' na 'extensus', na Kiingereza kikayarithi yote mawili. La kwanza limebaki katika 'extent', la pili katika 'extension' na 'extensive'.

4.0 'Extension' katika isimu: kunyoosha au kunyambua?

Wanafunzi wa isimu ya Kibantu hukutana na nomino 'extension' mapema kuliko kitenzi chake. Malcolm Guthrie aliandika mwaka 1962 juu ya hadhi ya 'radical extensions' katika lugha za Kibantu, akiwa na maana ya viambishi vinavyokaa baina ya mzizi na irabu ya mwisho. Katika 'pig-a', 'pig-i-a', 'pig-an-a', 'pig-ish-an-a', mzizi haukusogea, irabu ya mwisho haikusogea, na umbali baina yao umeongezeka. Picha ya Kiingereza imekaa barabara: shina, ncha na mwendelezo.

Wataalamu wa Kiswahili walipotafuta istilahi hawakutafsiri picha hiyo. Walichagua 'mnyambuliko' na 'unyambulishaji', kutokana na kitenzi 'nyambua'. Mwenye kunyambua nyama huivuta, ni kweli, lakini huivuta mpaka iachane nyuzi nyuzi. Palipokuwa na kipande kimoja, sasa pana vingi. Kwa hiyo istilahi mbili zinazotumiwa kama visawe haziangalii jambo lile lile. Ya Kiingereza huangalia neno moja na urefu wake. Ya Kiswahili huangalia mzizi mmoja na wingi wa maneno yanayopatikana kwake. Ya Kiingereza humfaa anayechora umbo la kitenzi ubaoni. Ya Kiswahili humfaa mtunga kamusi, ambaye swali lake ni kama 'pigia' na 'pigana' ziingizwe kama vidahizo vinavyojitegemea. Si sahihi, basi, kudai kuwa 'mnyambuliko' ni tafsiri mbovu. Si tafsiri kabisa. Ni jina lililotolewa na watu waliosimama upande mwingine wa kitu kile kile.

Hapo hapo yafaa kuonya dhidi ya kuchanganya 'extension' na 'extensive'. Katika orodha ya viambishi vya unyambulishaji vya Kibantu iliyotolewa na Thilo Schadeberg mwaka 2003, 'extensive' ni jina la kiambishi kimoja tu, *-al-, chenye maana ya kitu kukaa kikiwa kimeenea au kimetawanyika. Umbo la vitenzi kama 'sambaa' na 'zagaa', ikizingatiwa kwamba Kiswahili hudondosha /l/ baina ya irabu, laelekea kuhifadhi mabaki yake. Mwandishi wa tasnifu anayeviita viambishi vyote 'extensive' amelichukua jina la mtoto mmoja akawapa watoto wote.

5.0 Kutoka chuo kikuu hadi uga

Mfano ulio tajiri kuliko yote ni ule wa kilimo. Mwaka 1873 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza rasmi kupeleka mihadhara yake kwa watu wa miji mingine ambao hawakuwa wanafunzi wake, na mpango huo ukaitwa 'university extension'. Jina lilivuka bahari. Marekani, kwa Sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914, iliunda huduma ya kitaifa ya kuwapelekea wakulima elimu ya vyuo vya kilimo, nayo ikaitwa 'extension'. Kutoka huko, na kwa njia ya tawala za kikoloni na misaada ya baadaye, jina lilienea duniani.

Picha ni ile ile, ila sasa ina uzito wa kisiasa. Shina ni chuo kikuu, ncha ni mkulima, na kinachovutwa ni elimu. Mkulima hatajwi kuwa chanzo cha chochote. Yeye ni mahali ambapo mkono huishia. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil aliyekuwa akifanya kazi Chile, aliliona hilo. Katika insha aliyoichapisha mwaka 1969 kuhusu uhusiano wa mabwana shamba na wakulima, alianza kwa kulichambua neno lenyewe la Kihispania, 'extensión', na kuonyesha kwamba limebeba dhana ya mwenye kujua anayempelekea asiyejua. Alipendekeza dhana ya mawasiliano badala yake. Ni nadra uchambuzi wa semantiki kuzua mjadala miongoni mwa wataalamu wa kilimo, lakini huo ulizua.

Kiswahili kilikuwa na njia yake. Huduma hiyo inaitwa 'ugani', na mtumishi wake ni afisa ugani. Umbo la neno laonyesha nomino 'uga', uwanja wa wazi, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. (Neno hilo lisichanganywe na 'ughani' wa mashairi, wenye sauti /gh/ na asili tofauti.) Ikiwa uchanganuzi huo ni sahihi, Kiswahili hakikuitaja huduma kwa mkono unaotoka chuoni bali kwa mahali kazi inapofanyika. Kitovu kimehama. Mtu aliye ugani amekwenda mahali ambapo wenyeji wamo tayari na wanafanya kazi zao.

Isidhaniwe kwamba neno zuri limeondoa desturi mbaya. Afisa ugani anaweza kusimama uwanjani na kuhutubia kana kwamba yuko ukumbini Cambridge, na neno 'ugani' halitamzuia. Hata hivyo, mfasiri aliyeletewa matini inayozungumzia 'extending knowledge to farmers' ana chaguo ambalo Kiingereza hakimpi. Akiandika 'kueneza elimu kwa wakulima' amebaki ndani ya picha ya Freire. Akiandika 'elimu ya ugani' ametoka ndani yake, pengine bila kujua, na mwandishi wa matini ya asili huenda asiitambue hoja yake.

Hali inayokaribiana na hiyo hujitokeza katika 'extended family'. Istilahi hii ilienezwa na anthropolojia ya karne ya 20. George Peter Murdock, katika kitabu chake Social Structure cha mwaka 1949, aliitofautisha na familia ya kiini ya baba, mama na watoto. Jina lenyewe lachukulia kwamba familia ya kiini ndiyo shina, na wengine wote ni urefu ulioongezwa. Kiswahili huitafsiri kuwa 'familia pana', tafsiri inayoeleweka na isiyostahili kulaumiwa. Lakini mfumo wa majina ya udugu wa Kiswahili haukuanzia kwenye kiini hicho. Ndugu wa baba huitwa baba mkubwa au baba mdogo, na dada wa mama huitwa mama mkubwa au mama mdogo. Hawakuvutwa kutoka mbali ili waingie katika neno 'baba' au 'mama'. Walikuwa humo tangu mwanzo.

6.0 Muda, mkataba na mkopo

Katika sheria kitenzi hiki hukaa zaidi karibu na neno 'time'. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania ya mwaka 1971 huipa mahakama uwezo wa ku-'extend' muda wa kukata rufaa au kuwasilisha maombi pale panapokuwa na sababu ya kutosha. Kwa Kiswahili cha mahakama tendo hilo limezoeleka kuitwa kuongeza muda, na mwombaji huomba kuongezewa muda. Kwa mtazamo wa picha, 'ongeza' na 'extend' hazifanani: kuongeza ni kuweka kipande juu ya kingine, ilhali 'extend' ni kukivuta kipande kile kile.

Hata hivyo katika jambo hili Kiswahili kimemzidi Mwingereza. Mara nyingi mwombaji hufika mahakamani wakati muda umekwisha kupita. Kitu kilichokatika hakivutiki, na ndiyo maana Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, katika kanuni ya 10, hulazimika kueleza waziwazi kwamba uwezo huo upo iwe kabla au baada ya muda kwisha. 'Ongeza' haina tatizo hilo. Kipande kipya chaweza kutolewa hata kama cha kwanza kimekwisha. Mazoea ya mahakama, kwa hiyo, yafaa yaachwe yalivyo.

Kwa mkataba mambo hugeuka. Sheria yenye asili ya Kiingereza hutofautisha ku-'extend' mkataba na ku-'renew'. Katika la kwanza mkataba ni ule ule na masharti yake yanaendelea. Katika la pili umekwisha na mwingine umefungwa, hata kama maneno yake yanafanana neno kwa neno. Mfanyakazi anayesema 'mkataba wangu umeongezwa' anaweza kuwa na maana yoyote kati ya hizo, na baina ya marafiki haidhuru. Katika hati lazima itenganishwe. 'Kurefusha muda wa mkataba' kwafaa kwa la kwanza, kwa kuwa 'refusha' hudumisha umoja wa kinachorefushwa. 'Kufunga mkataba mpya', au 'kuhuisha mkataba' kama wengine wanavyopenda, kwafaa kwa la pili, ingawa 'kuhuisha' ina kasoro ya kudokeza kwamba aliyefufuka ni yule yule aliyekufa.

Mkopo ndio unaoonyesha hatari yenyewe. Kwa Kiingereza 'to extend a loan' chaweza kuwa kumpa mtu mkopo, na chaweza kuwa kumsogezea mbele tarehe ya kulipa. Mfasiri mwenye haraka huandika 'kuongeza mkopo', na hapo huzaliwa maana ya tatu ambayo haikuwamo: kuzidisha kiasi cha fedha. Kanuni ya kale ya sheria ya Kiingereza, iliyoingizwa pia katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ambayo ndiyo chimbuko la sheria ya mikataba ya Tanzania, husema kwamba mkopeshaji akipatana na mdaiwa kumpa muda zaidi bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini huondokewa na wajibu wake. Ili kujikinga, hati za udhamini huweka sharti ambalo kwalo mdhamini huridhia mapema 'any extension of the loan'. Katika muktadha huo maana yake ni kuridhia tarehe isogezwe. Sharti hilo likitafsiriwa kuwa mdhamini 'anaridhia nyongeza yoyote ya mkopo', hati imebadilika. Mtu aliyekubali kusubiri zaidi ameandikiwa kwamba amekubali kudaiwa zaidi, na hakimu atakayesoma nakala ya Kiswahili hatakuwa na sababu ya kushuku kwamba nomino 'nyongeza' ilitokana na kitenzi cha kunyoosha. Tafsiri inayofaa ni ndefu kidogo, nayo ni 'anaridhia kusogezwa mbele kwa tarehe ya kulipa mkopo, pasipo kuongezwa kwa kiasi chake'. Maneno yake matano ya mwisho hayamo katika Kiingereza, na ndiyo yanayomlinda mdhamini.